Upande wa Siagi

Mkate mzuri wa kuchoma ni mkate wa jana. Wa leo bado una unyevu tumboni. Ukiuweka juu ya makaa unaungua ngozi, ndani unabaki sponji. Wa juzi umeshakuwa ubao. Wa jana ndio uliotulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jambo la kwanza nililomfundisha Chiriku, na kama ningefunga mdomo wangu siku ile, huenda leo ningekuwa bado na mume.

Mimi sikusoma. Nilikuwa mtoto wa kwanza, mama yangu alikuwa mtu wa kuumwa, na nyumba ilihitaji mikono kuliko ilivyohitaji madaftari. Herufi nilizijua ukubwani, kwenye karatasi za siagi. Shule yangu ilikuwa baba. Alifanya kazi kwenye tanuri la mikate miaka thelathini, si la kwake, la watu, na kila jioni alirudi na mkate mmoja uliokosa mnunuzi, ameubana kwapani, umefungwa kwenye gazeti. Asubuhi ndio tuliokula. Majirani walidhani ni umaskini. Baba alisema ni ujuzi.

Alinifundisha kubonyeza shavu la mkate kwa dole gumba. Likirudi haraka, ni wa leo. Likirudi polepole kama mzee anayeinuka kitini, huo ndio. Lisiporudi, wape kuku. Alinifundisha kuukwepa mkate wenye sukari nyingi, maana huo huwa mweusi kabla haujakauka, na kuukata unene wa kidole cha mwisho. Siagi iwe ya maziwa, yenye chumvi kidogo, ya rangi iliyopauka. Ile ya mafuta inayouzwa kwenye kopo ina umanjano wa rangi ya ukuta, na ukiitia kwenye kikaango inapiga kelele na kurusha mate. Ya maziwa inatoa povu taratibu, na jikoni kote kunanukia kama mtoto aliyetoka kunyonya. Iachwe nje ya baridi mpaka ikubali kidole. Mkate ukitoka motoni, hesabu hadi kumi ndipo upake, na uanzie pembeni.

"Katikati hujisaidia," alikuwa akisema.

La mwisho sijawahi kuliona kwa mtu mwingine yeyote. Ukishapaka, unakigeuza kipande, siagi inaangalia chini, ndipo unauma. "Ulimi uko chini, mwanangu," baba alisema. "Siagi umeinunulia ulimi, au umeinunulia paa la kinywa?"

Nilipoolewa nilikwenda na masufuria manne, godoro na maneno hayo. Mume wangu ni fundi wa majokofu, watu wanamwita Fundi Baridi. Ni mtu mpole, mrefu, mikono yake ina baridi hata wakati wa joto. Asubuhi ya kwanza ya ndoa yetu nilimchomea mkate kama nilivyofundishwa, nikampaka, nikamgeuzia. Akaugeuza tena juu, akauchovya kwenye chai mpaka ukalegea, akaunywa zaidi ya kuula.

"Hivyo siyo," nikamwambia. "Baba yangu anasema ulimi uko chini."

"Mkate ni mkate, mke wangu. Ukifika tumboni, nani atauliza uliingia kwa upande gani?"

Nikacheka. Nilikuwa binti, kila alichosema kilinichekesha. Lakini sikuacha. Miaka kumi na tisa nilimwambia neno lile lile, mara kwa utani, mara kwa kununa, na miaka kumi na tisa aliutosa mkate wangu kwenye chai. Nikamzoea. Mtu huolewa na kasoro pamoja na mwenyewe.

Kazi yangu iko kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi. Vyumba kumi na viwili, ua wa saruji, jiko la nyuma lenye dirisha moja linalotazama ukuta wa fundi magurudumu. Mwenye nyumba tunamwita Mama Funguo, maana anatembea na funguo zote kiunoni, na unamsikia kabla hujamwona. Wanaolala kwetu ni madereva, wachuuzi wa vitambaa, na daktari wa meno anayepita kila mwezi. Hakuna anayekuja kwa ajili ya vitanda. Wanakuja kwa ajili ya mkate wangu. Daktari wa meno huwa anaingia na kusema kabla hajasalimia, "Mama, wa jana upo?"

Miaka minne iliyopita Mama Funguo aliniletea msaidizi. Mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ameachika, mdomo haupumziki kuanzia anapofungua kanga ya kichwani mpaka anapoifunga tena. Siku ya pili mimi mwenyewe nikamwita Chiriku, na jina likamganda.

Siku ile ya kwanza alichukua mkate mbichi, wa leo, akaupaka mafuta ya kopo kabla ya kuuweka kwenye wavu. Moshi ukajaa. Mchuuzi mmoja akachungulia jikoni akauliza kama tumeanza kuchoma matairi ya jirani.

"Dada, si nimefuata sheria zote?" Chiriku akasema, machozi ya moshi yanamtiririka.

"Sheria za nani?"

"Za haraka."

Nilimpenda hapo hapo. Nikamshika dole gumba, nikalibonyeza kwenye shavu la mkate wa jana. "Sikia unavyorudi," nikamwambia.

"Kama bibi yangu akitoka chooni!"

"Haya, umeelewa."

Nikampa vyote. Sikubakiza hata kimoja. Mkate, siagi, kuhesabu hadi kumi, kuanzia pembeni. Na kugeuza. Alipogeuza mara ya kwanza akafumba macho, akasema, "Dada, baba yako alikuwa mtu hatari." Nilifurahi siku nzima. Tangu niolewe hakuna aliyewahi kuniambia hivyo. Tangu siku hiyo nikamhesabu mdogo wangu. Akiumwa, mimi ndiye niliyempelekea uji. Nguo zangu zilizonibana akazivaa yeye. Mume wangu alikuwa shemeji yake, na walitaniana kama mashemeji wanavyotaniana, mbele yangu, mchana, bila kificho.

Halafu ikaja habari ya friji.

Chiriku alinunua friji kuukuu kwa mtu aliyekuwa anahama. Likawa linagandisha kila kitu. "Dada," akaniambia, "siagi yangu unaweza kuvunjia dirisha. Nikiipaka, mkate unatoboka."

"Nitamwambia shemeji yako aje kuliangalia."

Mimi. Kwa mdomo wangu. Na mume wangu hakutaka kwenda! Nakumbuka alikaa kwenye ngazi anafungua viatu, akasema, "Yule mtu ana maneno mengi. Nitarudi na kichwa cha kuazima."

"Nenda," nikamwambia. "Ni mdogo wangu yule. Atakula siagi ngumu mpaka lini?"

Akaenda. Wiki ya kwanza ilikuwa kidude cha kupimia baridi. Wiki ya pili gesi. Ya nne mpira wa mlango. Kisha friji likawa linanguruma. Mwezi wa pili nikamuuliza, "Friji hilo lina maradhi gani, kisukari?"

"Friji la zamani ni kama mzee," akanijibu. "Leo goti, kesho mgongo."

Tulicheka wote wawili. Nilicheka kwa nguvu kuliko yeye. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo nikipiga pasi: kwamba nilicheka.

Asubuhi niliyojua ilikuwa ya Jumamosi, siku yangu ya mapumziko. Mkate wa jana ulikuwa umekwisha, nikatuma ukanunuliwa mwingine, mbichi, nikauchoma hivyo hivyo kwa sababu njaa haingoji kesho. Nikaweka mezani. Mume wangu alikuwa anasoma maelezo ya mashine fulani. Akanyoosha mkono bila kutazama, akachukua kipande. Nikasubiri sauti ya chai kumwagikia kisahani, kama kawaida. Haikuja.

Akakigeuza. Siagi chini. Akauma, akatafuna, akasema huku macho bado yako kwenye karatasi, "Huu ni wa leo, siyo?"

Nilikuwa nimeshika kisu cha kupakia. Nilibaki nimekishika.

Tafadhali nielewe. Hakunikosea adabu. Hakutaja jina la mtu usingizini, wala shati lake halikuwa na rangi ya mdomo. Amekula mkate kama nilivyomwomba tangu nikiwa binti. Mwanamke mwingine angeshukuru. Lakini duniani palikuwa na watu wawili tu waliokula hivyo, mimi na yule niliyemfundisha, na kwangu alikuwa amekwisha kukataa.

"Umejifunza lini kugeuza?" nikamuuliza.

Akatazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine. "Kugeuza nini?"

Hakujua kama amefanya. Jambo ulilofundishwa jana unalifanya kwa kufikiri. Ukiona mkono unalifanya wenyewe, ujue umelifanya mara nyingi.

Nikampigia simu binti yangu, ameolewa mji mwingine. Nikamweleza. Akasema, "Mama, unataka kumshtaki baba kwa mkate?"

"Sijamshtaki. Nakueleza."

"Umemwambia miaka yote hiyo. Labda hatimaye limeingia. Ngoma ngumu nayo hulia ikipata joto."

Nilitaka kumwamini. Nilijilazimisha. Ila kesho yake asubuhi mume wangu akarudi kuutosa mkate kwenye chai, na keshokutwa pia, tena kwa bidii, anauzamisha mpaka vidole vinalowa, huku ananitazama kwa pembe ya jicho. Mtu asiye na kosa hajirekebishi. Angeendelea kugeuza, ningemwamini binti yangu.

Karibu wiki mbili nikalala na jambo hilo kifuani. Kazini nilimtazama Chiriku akipaka, pembeni kwanza, akiimba, nikajiambia, mtu anayekuita dada hawezi. Ijumaa nikamwambia, "Jumapili njoo nyumbani, tunywe chai."

"Na shemeji yupo?"

"Anaishi pale," nikasema.

"Basi nivae vizuri, asije akanifananisha na friji langu." Akacheka. Nami nikacheka, mashavu yakaniuma.

Jumapili nilitandika kitambaa cheupe. Mkate wa jana, niliubonyeza mwenyewe. Siagi ya maziwa, niliitoa mapema, imekubali kidole. Nilichoma vipande nikaviacha vikavu kwenye sahani, siagi na kisu pembeni, nikasema, "Kila mtu ajipakie. Leo mimi ni mgeni." Nikakaa na chai yangu ya rangi.

Mume wangu alikuwa makini. Alipaka kidogo tu, katikati, kama fundi anayeziba tundu, kisha akakipeleka kipande kwenye kikombe. Siagi ilikuwa juu. Kilikuwa kimeshagusa chai.

Chiriku alikuwa katikati ya hadithi ya mgeni aliyejifungia chooni. Hakunyamaza, wala hakumtazama. Alinyoosha tu mkono wake na kumpiga mume wangu juu ya vidole kwa mpini wa kisu, taratibu, kofi la kisu la mtu aliyezoea. "Si nimekukataza?" akasema, akaendelea na hadithi yake. Na mume wangu, mtu mzima, baba wa watoto wangu, akarudisha mkono haraka, akakigeuza kile kipande.

Mgeni wa Chiriku hakutoka chooni. Hadithi ilikatika hapo.

"Umemkataza lini?" nikauliza.

Chiriku akafungua mdomo. Tangu aje jikoni kwangu sikuwahi kumwona akikosa neno. Akamtazama mume wangu, mume wangu akaitazama chai yake, mafuta ya siagi yanaelea juu kama macho.

"Mke wangu, huo ni utani wa shemeji tu," akasema.

"Utani nimeusikia. Nimeuliza siku."

"Dada," Chiriku akasema, sauti imekuwa ndogo, "nilikuwa peke yangu. Hujui ilivyo kurudi kwenye chumba ambacho hata kikombe hakijasogezwa."

"Nilijua. Ndiyo maana nilikuwa nakuja na uji."

"Haikupangwa."

"Mkate ndio huungua bila kupangwa. Nilikufundisha kuchagua mkate, nikakufundisha kuchagua siagi. Mume sikukufundisha kumchagua. Huyo umejichotea kabatini kwangu. Chukua kanga yako."

Akainuka. Akasahau kanga. Nikamfuata nayo mpaka mlangoni, nikamtundikia begani kama nilivyokuwa nikifanya akiwa na homa. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mikono yangu nayo ina mazoea yake.

Mume wangu aliondoka Jumatano, na begi moja, akaacha sanduku la vifaa. Alisema anakwenda kupumzisha kichwa. Nikamwambia ahadhari, asirudi na cha kuazima. Hakucheka.

Chiriku hakurudi kazini. Mama Funguo alipewa habari na wengine, mimi sikusema. Alikuja jikoni na funguo zake, akasimama, akasema, "Kikulacho ki nguoni mwako," kana kwamba mimi silijui. Kisha akauliza kama mkate wa kesho umeagizwa. Nilishukuru kwa swali hilo la pili.

Miezi ikapita. Mtu anafikiri akishaibiwa ameibiwa, hesabu imefungwa. Siku moja daktari wa meno akaniambia, kwa nia njema kabisa, "Mama, umepata mshindani. Ng'ambo ya stendi kuna mama mmoja amefungua kibanda cha chai. Mkate wake ni kama wako kabisa! Hata anageuza."

"Anageuza?"

"Anawaambia wateja wote. Nimecheka sana. Anasema baba yake marehemu alimfundisha. 'Siagi umeinunulia ulimi, au umeinunulia paa la kinywa?' Mlikuwa na baba mmoja nini?"

Nikamwambia sisi si ndugu. Nikamchomea mkate wake. Sikuhesabu hadi kumi, nilisahau, siagi ikayeyuka yote ikamwagika sahanini.

Mume ni mtu, ana miguu, anaweza kwenda. Hilo nilikuwa nimeanza kulimeza. Baba yangu amelala kaburini, hana miguu ya kumkimbia anayemchukua.

Wiki iliyopita Fundi Baridi alikuja kuchukua sanduku lake. Alibisha hodi kwenye mlango alioupaka rangi mwenyewe. Amekonda kidogo. Nilimwambia akae, hata mpita njia nisingemnyima chai. Nikaweka kikombe, na mkate kwenye sahani, wa leo, haujaona moto wala siagi. Nikakaa mbele yake.

"Mwenzio anauza maneno ya baba yangu pale stendi," nikasema.

"Maneno gani?"

"Ulimi uko chini."

Akakunja uso. Namjua, si mwongo hodari; nilimwona akitafuta kweli kweli. "Hayo?" akasema. "Hayo ni ya baba yake. Aliniambia siku ya kwanza ile nilipokwenda kwenye friji. Alikuwa mwoka mikate."

"Baba yake alikuwa mwashi."

Akakizungusha kikombe chake mezani.

"Na mimi," nikamuuliza, "miaka kumi na tisa, kila asubuhi, nilikuwa nakwambia ni maneno ya nani?"

Macho yake yakaenda ukutani, kwenye kikombe, kwenye mikono yangu. Alikuwa anatafuta asubuhi moja, moja tu kati ya zote hizo, aliyonisikia. Nilimpa muda. Nilihesabu hadi kumi, na zaidi. Hakuipata.

Kumbe hakuwa amenikatalia. Kumkatalia mtu ni lazima kwanza umsikie. Chiriku aliniibia mume mwaka jana. Huyu aliyeketi mbele yangu sikuwahi kuwa naye.

"Nisamehe," akasema, kwa sababu palihitajika kusemwa kitu.

"Kunywa chai, inapoa."

Akachukua kipande cha mkate mkavu. Akakigeuza, upande usio na kitu ukaangalia chini, akauma. Alitafuna muda mrefu, kisha akachukua sanduku lake akaenda.

Nikatoa mkate wa jana kabatini. Nikaubonyeza shavu, ukarudi polepole. Nikaukata, nikawasha jiko.